Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Kampuni Inayotuuzia Intaneti: Ruta Iliyo Nyumbani Kwangu Inamtii Nani?

Mkomani, Lamu.

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
pamoja na Wakuu wa Idara za Ufundi, Sheria na Huduma kwa Wateja,
Kampuni inayotuuzia intaneti ya nyumbani.

Nakala: Kamishna wa Data; na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam aleikum, na pokea salamu za heshima kutoka Amu.

KUH: FARAGHA YA WATEJA NA HAKI YA KUCHAGUA RUTA YA NYUMBANI

Hii ni barua yangu ya nne kwenu kuhusu jambo hili hili. Ya kwanza niliituma kwa baruapepe mwezi wa Machi, nikajibiwa na mashine kwamba ombi langu limepokelewa na limepewa nambari. Ya pili ilijibiwa kwa maagizo ya kuzima ruta, yaani kile kisanduku kinachoigawa intaneti nyumbani, kuhesabu hadi thelathini na kuiwasha tena, jambo ambalo sikuwa nimeliuliza. Ya tatu niliipeleka kwa mkono. Kijana wa mapokezi akaigonga muhuri, akanipa nakala yangu na kunieleza kwa adabu kwamba mambo ya aina hiyo huamuliwa juu. Kwa kuwa hakuna aliyenionyesha ngazi ya kufikia huko juu, nimeona niandike hadharani, mbele ya wateja wenzangu. Jina la kampuni nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu ninachotaka ni kutengenezewa mambo na wala si kuwafukuzia wateja. Nyinyi mtajitambua kwa nambari za barua zilizotangulia, ambazo zimo katika nakala niliyowatumia.

Asili ya malalamiko ni hii. Kwa miaka minne nilitumia ruta yenu ya zamani, kisanduku cheupe chenye antena mbili kilichokaa kidakani, yaani katika kishubaka cha ukutani, na sikuwa na neno nayo. Mwezi wa Februari mkatangaza kwamba wateja wote watabadilishiwa vifaa bila malipo. Fundi wenu alivuka kutoka Mokowe kwa boti ya asubuhi, akapanda darini kuikagua antena, akaing'oa ruta ya zamani na kuitia mkobani, akafunga mpya. Kisha akagundua kile ambacho kila anayekaa katika nyumba za mawe za mji huu anakijua: kuta za matumbawe na chokaa, ambazo kwangu zina unene wa karibu nusu mita, hazipitishi mawimbi ya Wi-Fi ila kwa shida. Akaongeza vifaa viwili vya kupokezana mawimbi, kimoja msanani, ukumbi wa kupokelea watu wa karibu, na kimoja ndani, yaani kile chumba cha mwisho kabisa ambacho hata jamaa wa mbali hawakiingii. Baada ya hapo akaniambia nipakue programu yenu ya simu, kwa kuwa bila hiyo ruta haifanyi kazi. Programu ikataka nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, ruhusa ya kujua mahali nilipo, na ruhusa ya kusoma majina yote niliyoyahifadhi katika simu yangu. Nilisita. Fundi aliangalia saa, kwani alikuwa na nyumba nyingine mbili kabla ya boti ya kurudi. Nikabonyeza "kubali" mara nne.

Nakiri kwamba nilibonyeza. Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nianze kuandika barua.

1. Mhudumu wenu anaiona nyumba yangu akiwa ofisini kwake.

Wiki tatu baada ya kubadilishiwa kifaa, mtandao ukawa mzito, nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyeipokea alikuwa mpole na mwenye bidii, na ninaomba kwa dhati asiadhibiwe kwa sababu ya barua hii. Aliniambia nisubiri kidogo, nikasikia vidole vyake vikibofya, kisha akasema: "Mama, naona mna vifaa kumi na kimoja saa hii. Kuna televisheni, kuna printa, na kuna simu mbili ziko kwa kile chumba cha nyuma." Akaitaja mojawapo kwa jina la mkwe wangu, kwa kuwa mkwe wangu ameipa simu yake jina lake mwenyewe kama wafanyavyo watu wengi, akaongeza: "Hii ndiyo inakula data, mama. Jana ilikuwa hewani mpaka saa tisa usiku."

Nilikuwa nimeiweka simu kwenye spika. Mkwe wangu alikuwa ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Mkono wake ukasimama. Alikuwa na mtoto mchanga ambaye hata arubaini hajaitimiza, na kukesha kwake saa tisa za usiku, akinyonyesha huku akiandikiana na mumewe aliyeko safarini, ni jambo lisilomhusu mtu yeyote, sembuse kijana asiyemjua aliyeketi katika mji mwingine. Hakusema kitu, aliinuka akaenda zake. Tangu siku hiyo ameitoa simu yake katika Wi-Fi ya nyumbani na hununua bando kwa pesa zake, ilhali mtandao ninaulipia kila mwezi kwa ajili ya nyumba nzima.

Ilinibidi nijue kijana yule aliyaona wapi yote hayo. Mpwa wangu aliyesomea kompyuta alinifafanulia, nami nikasoma zaidi. Kampuni nyingi za intaneti duniani husimamia ruta za wateja kwa utaratibu uitwao TR-069, uliochapishwa mwaka 2004. Kila baada ya muda uliopangwa, ruta hujitambulisha yenyewe kwa seva, yaani kompyuta kuu, ya kampuni, hupokea amri, na ikiulizwa hutoa taarifa za hali yake, ikiwemo orodha ya vifaa vilivyoungwa, majina yake na anwani zake. Simu mpya huweza kubadilisha anwani yake ya Wi-Fi ili isitambulike kirahisi kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, lakini jina lake mara nyingi hulitaja lenyewe pale inapoungwa, na hapo kujificha kote kunakuwa bure. Vile vifaa viwili vya kupokezana mawimbi vikaongeza jambo jingine: kwa kuwa ruta inajua simu imeungwa kupitia kifaa kipi, na fundi wenu alikwisha kukiandika kila kifaa kwa jina la chumba, basi mhudumu anajua nani yuko chumba gani.

Niwe mkweli ili nisije nikaambiwa natia chumvi. Mhudumu wenu hawezi kusoma ujumbe wa WhatsApp, kwa sababu ujumbe huo husimbwa kutoka simu hadi simu, na tovuti nyingi siku hizi nazo hufunga yaliyomo. Lakini kabla simu haijaifikia tovuti, kwa kawaida huuliza anwani yake, na swali hilo katika nyumba yangu linapitia ruta yenu hadi kwenye seva zenu. Jina la tovuti, jina la simu, chumba na saa: weka manne hayo pamoja kwa mwezi mmoja tu, na utajua nani anaugua, nani anadaiwa, nani kasafiri, na ni usiku gani nyumba haina mwanamume.

Waliojenga nyumba hizi walilifikiria jambo hili kabla yetu. Mgeni huishia daka, yaani ukumbi wa nje wa mlangoni. Ukivuka mlango unakuta tekani, na njia yake imepindishwa ili apitaye kichochoroni, hata mlango ukiwa wazi, asikione kiwanda, yaani ua wa ndani. Wa karibu hufikishwa msanani. Ndani ni pa wenyewe. Nyinyi mmekiweka kifaa chenu ndani, na kila saa kinatoka na habari, na mwenye nyumba hana uwezo wa kukizuia.

2. Nimenyimwa haki ya kuchagua ruta yangu mwenyewe.

Baada ya barua ya pili kukosa jibu la maana, niliamua kununua ruta kwa pesa zangu. Sikwenda dukani kichwa kitupu. Niliandika kwenye karatasi mambo niliyoyataka, nami nayataja hapa kwa faida ya wateja wenzangu pia. Niliitaka ruta inayoweza kupangwa kwa kivinjari cha kompyuta, hapo hapo nyumbani, bila kufungua akaunti kwenye seva ya mtengenezaji na bila kutoa nambari ya simu. Nilitaka usimamizi wa mbali uwe umezimwa tangu kiwandani, na mwenye nyumba auwashe akipenda. Nilitaka usalama wa WPA3, utaratibu mpya wa kuilinda Wi-Fi, uliotangazwa mwaka 2018 baada ya mtafiti Mathy Vanhoef kuonyesha mwaka 2017 kasoro iliyoitwa KRACK katika ule wa WPA2. Nilitaka mtandao wa wageni uliotengwa na wa familia. Nilitaka mtengenezaji aseme wazi ataendelea kuisasisha hadi mwaka gani. Na ikiwezekana, iwe ruta inayokubali kuwekewa OpenWrt, programu huria ambayo imekuwepo tangu 2004, ili hata mtengenezaji akiichoka, isife.

Lililonishangaza ni kwamba maswali haya hayaulizwi. Muuzaji wa kwanza Mombasa alinionyesha ruta kwa idadi ya antena zake, nilipomuuliza inapeleka habari gani nje na kwa nani, aligeuza boksi pande zote nne, akasema: "Hapa wameandika kasi tu, Bi." Alisema kweli. Boksi limejaa namba za kasi ambazo nyumba yangu haitazifikia kamwe, na hakuna hata mstari mmoja kuhusu habari zinazokusanywa. Vingi katika vile vifaa vya kisasa vinavyouzwa kwa seti, ambavyo ndivyo vinavyofaa kuta zetu, havipangiki ila kwa programu ya simu na akaunti. Nilizunguka maduka matatu ndipo nikapata inayofaa.

Nilipowaambia kwamba nina ruta yangu na ninaomba muitambue, jibu lilikuwa sentensi moja: kifaa kisichosajiliwa na kampuni hakipewi mtandao. Mpwa wangu akajaribu njia ya pili, ya kuiunga ruta yangu nyuma ya yenu, ili ruta yenu ione kifaa kimoja tu badala ya kumi na kimoja. Ilifanya kazi, na ninawashauri wateja wengine waijaribu. Lakini ni nusu dawa, kwa sababu hali ya kuifanya ruta yenu iwe daraja tupu, yaani ipitishe intaneti tu na kuiachia ruta yangu kazi ya kuigawa, mmeifunga, na Wi-Fi yake haizimiki. Tukiizima jioni, asubuhi tunaikuta imewashwa tena kwa amri kutoka kwenu, na simu za watoto zinairudia kwa kuwa zinaijua. Ruta niliyoinunua sasa imo kidakani, karibu na chetezo, ndani ya mfuko wake wa plastiki.

Jambo ninaloliomba halijatoka kichwani mwangu. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni mwaka 2015 kwamba mtumiaji wa intaneti ana haki ya kutumia kifaa anachokichagua mwenyewe, na Ujerumani ikaweka sheria yake iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2016, ambayo inazilazimu kampuni kumpa mteja taarifa anazohitaji ili aunge ruta yake. Kampuni za huko hazikufilisika.

3. Nenosiri ni moja, na jina la mtandao linatutangaza.

Nenosiri la kuingilia katika mipangilio ya ruta, lile analolitumia fundi, ni neno moja kwa wateja wenu wote wa mtaa huu. Nalijua kwa sababu mpwa wangu, kwa idhini ya majirani wawili na wao wakiwepo, alilijaribu katika ruta zao, na zote mbili zikafunguka. Nenosiri la Wi-Fi nalo limetengenezwa kwa tarakimu za mwisho za nambari ya akaunti, nambari ambayo imechapishwa katika kila risiti mnayotutumia. Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, ni kosa kuuza kifaa cha nyumbani cha intaneti chenye nenosiri la aina hiyo. Jimbo la California nchini Marekani lilitangulia, tarehe 1 Januari 2020.

Kitufe cha WPS, cha kuunga kifaa kwenye Wi-Fi bila kuandika nenosiri, ambacho fundi alikisifu kwa wepesi wake, kimeachwa kikikubali namba ya siri ya tarakimu nane. Mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba namba hiyo hukaguliwa vipande viwili, na hivyo badala ya mamilioni ya majaribio, mwizi anahitaji yasiyozidi 11,000. Ni zaidi ya miaka kumi sasa.

Kuhusu jina la mtandao: mmelipanga liwe jina la kampuni likifuatiwa na jina la ukoo wa mteja, na hatuwezi kulibadilisha. Vichochoro vyetu ni vyembamba, kuta zinagusana, na yeyote apitaye na simu anasoma ukoo upi uko nyuma ya mlango upi bila hata kubisha hodi. Pamoja na hayo, kampuni kubwa za teknolojia ya simu, kama Google na Apple, huhifadhi orodha ya ruta za dunia na mahali zilipo, ili simu zijue zilipo bila kutegemea setilaiti. Mwenye ruta asiyetaka kuwemo katika orodha ya Google anaweza, tangu mwaka 2011, kuongeza neno _nomap mwishoni mwa jina la mtandao wake, na Apple nayo ikaanza kuliheshimu neno hilo mwaka 2024. Ni herufi chache tu, lakini kwa ruta yenu siwezi kuziandika.

4. Ruta ya zamani ilikwenda wapi?

Fundi aliichukua bila kuifuta. Ilikuwa na nenosiri langu, majina ya vifaa vyetu na taarifa za akaunti. Ikiwa imepelekwa kwa mteja mwingine, imekwenda na hayo yote. Nimeuliza mara tatu na sijajibiwa hata mara moja.

Na ruta mpya, kwa mujibu wa ukurasa wake wenyewe wa mipangilio, ina programu ya ndani ambayo haijasasishwa kwa miaka mitatu. Mwezi wa Mei 2018 iligunduliwa programu hasidi iliyoitwa VPNFilter, iliyokuwa imeingia katika ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000 katika nchi 54, na shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likawaomba watu wazime ruta zao na kuziwasha tena. Kwa hiyo yale maagizo mliyonijibu katika barua ya pili yaliwahi kuwa na maana, ila mwaka mwingine na kwa swali jingine.

5. Wageni wangu wamechanganywa na familia.

Vyumba viwili vya juu nawapangisha wageni. Ruta ya zamani ilikuwa na mtandao wa wageni uliojitenga. Mpya mmeuondoa, nikaambiwa ni huduma ya malipo ya ziada. Sasa mgeni wa siku mbili, ambaye simjui zaidi ya pasipoti yake, anaiona printa yangu na televisheni ya watoto katika orodha ya simu yake. Kwa msimu wa Maulidi, nyumba inapojaa, hilo haliwezekani.

Mheshimiwa Mkurugenzi, najua majibu yanayoweza kutolewa, kwa kuwa baadhi nimekwisha kuyasikia kwa simu.

Mtasema kwamba bila kuingia katika ruta kutoka mbali, hamwezi kutuhudumia, hasa sisi wa kisiwani ambao fundi hutufikia kwa boti. Ni kweli, na sipuuzi faida hiyo. Mara mbili mmenirekebishia mtandao bila mtu kuvuka bahari. Lakini daktari nikimwita usiku anaingia nikimfungulia, na akimaliza anatoka, hachongi ufunguo wake. Wekeni kitufe ambacho mteja anakibonyeza anapoomba msaada, mlango ufunguke kwa saa moja au mbili, kisha ujifunge. Kujua kama antena inapata mawimbi ya kutosha hakuhitaji jina la mkwe wangu.

Mtasema kwamba habari hizo hamziuzi. Sijawahi kusema mnaziuza. Nasema mnazo, na chenye kuhifadhiwa kinaweza kuonwa na mfanyakazi mdadisi, kinaweza kuibwa, na mlango ulioachwa wazi kwa fundi ni mlango kwa wengine pia. Mwezi wa Novemba 2016, karibu wateja 900,000 wa Deutsche Telekom, kampuni ya simu na intaneti nchini Ujerumani, walipoteza huduma baada ya washambuliaji kuulenga mlango wa usimamizi wa mbali wa ruta zao. Kampuni ile ina mafundi wengi kuliko yenu, na yakawafika.

Mtasema nilikubali masharti. Hapa naomba idara yenu ya sheria isome pamoja nami. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 32, inataka tunapopima kama mtu aliridhia kwa hiari, tuangalie kama huduma ilifungwa kwa sharti la kutoa habari zisizohitajika kwa huduma hiyo. Majina yaliyo katika simu yangu hayahitajiki ili ruta iwake. Kifungu cha 25 kinataka habari zinazokusanywa zisizidi zinazohitajika, na kifungu cha 41 kinataka kinga hiyo iwe ndiyo hali ya kawaida ya chombo tangu mwanzo, mteja asilazimike kuitafuta. Juu ya yote hayo iko Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010, inayomlinda kila mtu asitakiwe kutoa, wala kufichuliwa, habari za familia yake au mambo yake ya faragha bila ulazima, na inayolinda faragha ya mawasiliano yake.

Na pengine mtasema, kama alivyoniambia msimamizi mmoja huku akicheka, kwamba wateja wa kawaida hawajali mambo haya. Baada ya sala ya Ijumaa niliwaeleza akina mama wanane wa mtaa wetu kile alichoniambia mhudumu wenu. Saba waliniuliza papo hapo namna ya kubadilisha jina la simu. Wa nane aliuliza kama mnaweza kusikia pia, nami nikamwambia ruta hiyo haina kipaza sauti, jambo ambalo nililihakiki kabla ya kumjibu.

Ninayoyaomba ni haya. Kwanza, mniruhusu mimi na mteja yeyote anayetaka kutumia ruta yake mwenyewe, au angalau mfungue hali ya daraja katika ruta yenu na kuiacha Wi-Fi yake ikiwa imezimwa inapozimwa. Pili, usimamizi wa mbali uwe kwa idhini ya kila mara, na wahudumu wa simu wasione majina ya vifaa wala vyumba. Tatu, kila ruta iwe na nenosiri lake lisilofanana na jingine, WPS izimwe, na mteja aweze kubadilisha jina la mtandao wake. Nne, programu ya simu iwe hiari, na isiombe orodha ya majina. Tano, mnipe kwa maandishi, kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria niliyoitaja, nakala ya habari zote mlizokusanya kuhusu nyumba yangu tangu Februari, mnieleze zimehifadhiwa wapi na kwa muda gani, na mniambie ruta ya zamani iko kwa nani. Mtandao wa wageni urudishwe bila malipo, kama ulivyokuwa.

Nawapa siku 21 tangu kuchapishwa kwa barua hii. Zikipita kimya, nitawasilisha malalamiko rasmi kwa Kamishna wa Data chini ya kifungu cha 56, ambacho kinamtaka ayachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90. Majirani wawili niliowataja wako tayari kutia saini pamoja nami.

Fundi wenu akitumwa, naomba nijulishwe siku moja kabla, na aje baada ya alasiri, mwanangu akiwepo. Kile kifaa cha chumba cha ndani nimekwisha kukichomoa mwenyewe. Atakikuta daka, juu ya baraza, pamoja na waya wake.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu wa Mkomani, Lamu.